Picha za familia za kujiachia bustanini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Familia zinazonipigia simu kutaka picha za bustanini huuliza maswali yanayofanana, na mengi yana wasiwasi ndani yake: mtoto hatulii, baba hapendi kamera, mvua ikinyesha je. Nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa sentensi chache. Yanayohusu mwanga na watoto nimeyakalia zaidi, kwa sababu hapo ndipo picha hupatikana au hupotea.

Picha za kujiachia ni zipi hasa?

Ni picha zinazopigwa watu wakiwa katika shughuli zao. Mama anamfunga mtoto kamba za viatu, ndugu wawili wanagombania kijiti, babu anaeleza jambo huku mkono wake umetulia juu ya bega la mjukuu. Hakuna anayeambiwa asimame wima, anyanyue kidevu, kisha ahesabiwe moja, mbili, tatu.

Watu wengine hudhani basi mpiga picha hana kazi ila kubofya. Kazi yangu kubwa hufanyika kabla ya hapo. Natafuta mahali penye mwanga mzuri na pasipo vurugu kwa nyuma, nawapa watu jambo la kufanya palepale, halafu nasogea pembeni na kusubiri. Nikiwaambia, "Tembeeni mpaka ule mti, mkienda mhadithieni huyu mdogo siku aliyozaliwa ilikuwaje," nimechagua mahali na mwendo. Kicheko, macho yanayokutana, mtoto anayechomoa mkono na kutimka, hayo hayakupangwa na mtu.

Kwa nini tukiona kamera tunakakamaa?

Ni mazoea ya zamani. Upigaji picha ulipotangazwa kwa umma huko Ufaransa mwaka 1839, bamba la picha lilihitaji mwanga wa dakika kadhaa. Mbinu zilipoboreshwa, bado mtu alitakiwa kukaa bila kutikisika kwa sekunde nyingi, na studio zilikuwa na vyuma vya kuegemeza kichwa kwa nyuma ili kisicheze. Nani anaweza kushikilia tabasamu muda wote huo? Hiyo ni sababu mojawapo ya watu wa picha za kale kuwa na nyuso kavu. Kamera ya Brownie ya Kodak, iliyotoka mwaka 1900, ilikuwa rahisi kiasi kwamba hata mtoto aliweza kuitumia, na Leica iliyoingia sokoni mwaka 1925 ilikuwa ndogo ya kubebwa siku nzima. Mashine zilibadilika, lakini tukinyooshewa lenzi bado tunajikaza kama waliotutangulia.

Sababu ya pili iko kwenye uso wenyewe. Mwaka 1862 daktari Mfaransa Guillaume Duchenne alieleza kwamba tabasamu la furaha ya kweli hutumia pia msuli unaozunguka jicho, na msuli huo hautii amri kirahisi. Ukiambiwa "cheka kidogo", midomo itatanuka, macho yatabaki yalivyo. Mtu akiitazama picha hiyo baadaye huhisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Kwa hiyo siombi mtu atabasamu. Natafuta jambo litakalomfanya atabasamu, na mara nyingi jambo hilo analo mwenzake aliyesimama naye.

Kwa nini bustani ya umma, na si studio?

Kwa sababu bustanini watu wana la kufanya. Kuna njia ya kupita, benchi la kukalia, majani ya kuokota, ndege wa kuwafuata kwa macho. Mtoto wa miaka mitatu akiingia studio huona kuta na taa. Akiingia bustanini huona mdudu, na kuanzia hapo hanihitaji tena.

Bustani inakupa pia mandhari nyingi kwa hatua chache. Ndani ya mita 50 unaweza kupata kivuli cha mti mkubwa, uwanda wa nyasi, ukuta uliofunikwa na mimea na ngazi za mawe. Sihamishi familia kwa gari. Tunatembea, na kule kutembea kwenyewe ndiko kunakozaa picha.

Saa nzuri ni ipi?

Saa moja ya kwanza baada ya jua kuchomoza, au saa moja ya mwisho kabla halijazama. Jua likiwa chini, mwanga wake hupita katika anga nene zaidi, rangi ya buluu hutawanyika njiani, na unaotufikia huwa na wekundu wa dhahabu. Unakuja kwa ubavu badala ya kushuka utosini, kwa hiyo macho hayageuki mashimo meusi kama yanavyokuwa saa sita mchana.

Ila jueni mnaishi wapi duniani. Karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa mwendo wa nyuzi 15 kwa saa. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo, mwanga wa dhahabu unapokolea, mpaka kuzama ni dakika 24 hivi. Penye latitudo ya nyuzi 50, katika majira ambayo usiku na mchana vinalingana, umbali huohuo huchukua dakika kama 37 kwa sababu jua hushuka kwa mshazari. Mpiga picha wa kaskazini akikuandikia kwamba "mwanga wa dhahabu hudumu muda mrefu", kwake ni kweli. Aliye karibu na ikweta akichelewa robo saa, mwanga umekwenda. Nikiwasihi mfike mapema, sababu ni hiyo.

Je, mchana haiwezekani kabisa? Inawezekana, tukikaa kwenye kivuli kilichoshiba, pembezoni mwake, nyuso zikielekea upande ulio wazi. Hapo mwanga huingia laini kutoka angani na macho hupata ile nukta ya mng'ao inayoyapa uhai. Ninachokikwepa ni kivuli chenye matundu. Vile viduara vya mwanga vinavyocheza chini ya mti ni taswira za jua lenyewe, zinazopenyezwa na nafasi ndogo kati ya majani. Wakati wa kupatwa kwa jua hugeuka kuwa hilali. Vinapendeza vikiwa ardhini. Vikiangukia uso wa mtoto, kipande kimoja cha shavu huungua kwa weupe na kingine huzama gizani, na hakuna uhariri utakaouponya uso huo vizuri.

Siku ikiwa ya mawingu tuahirishe?

Hapana, njooni. Mawingu hugeuza anga lote kuwa taa moja kubwa na laini. Vivuli vikali hupotea, watu hawakunji macho, na tunaweza kupiga picha saa yoyote bila kuhesabu dakika za machweo. Tunachokosa ni ile dhahabu ya jioni. Manyunyu mepesi pia hayanitishi, mwavuli mmoja ukiwafunika watu wanne huwasogeza karibu kuliko maneno yangu yote. Mvua kubwa, radi, au upepo unaovunja matawi, hapo tunapanga siku nyingine bila mjadala.

Tuvae nini?

Nguo ambazo mtoto anaweza kuchuchumaa nazo na mtu mzima akakaa chini bila kujivutavuta. Hilo ni la kwanza. Nimewahi kuona jioni nzima ikiharibika kwa sababu ya viatu vipya vilivyokuwa vinabana.

Kuhusu rangi, si lazima mfanane. Chagueni rangi tatu au nne zinazopatana, kila mtu azichanganye kwa namna yake. Epukeni maandishi makubwa kifuani, kwa kuwa jicho husoma kwanza maneno ndipo lirudi usoni. Epukeni pia mistari myembamba iliyobanana, ambayo kwenye picha ya dijitali huweza kuzaa mawimbi ya rangi yasiyokuwepo kwenye kitambaa. Nguo za kijani kibichi humezwa na bustani. Nguo nyepesi kwa rangi, kinyume chake, hurudisha mwanga usoni kutoka chini, na hilo husaidia, kwa sababu nyasi nazo hurudisha mwanga wake wa kijani hadi chini ya kidevu. Ukiona picha ya bustanini ambayo watu wanaonekana kama wanaumwa, angalia walikosimama: mara nyingi ni katikati ya nyasi nyingi, mchana, jua likiwaka. Kwenye njia ya changarawe tatizo hilo hupungua sana.

Mtoto wetu hatulii hata dakika moja. Itawezekana?

Huyo ndiye mtoto ninayemtaka.

Nasema kwa dhati. Mtoto anayekimbia anaweza kupigwa picha. Kamera za leo zina kasi ya kutosha. Kwa mtoto anayetembea natumia moja ya 250 ya sekunde, kwa anayekimbia moja ya 500 hadi moja ya 1000. Kazi ngumu ni mtoto aliyekaripiwa. Akishaambiwa "tulia, mjomba anakupiga picha" mara tano, uso hufungwa, na hata mkimwachia akimbie, atakuwa anawatazama nyinyi kwanza kuona kama ataruhusiwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi ni moja: msimrekebishe mtoto kwa ajili yangu. Akichafua goti, mwacheni. Akigeukia upande mwingine, mwacheni. Akiniuliza kamera inafanyaje kazi, nampa aangalie, anapiga mbili tatu, anachoka, anaondoka. Nikipiga magoti nikawa usawa wa macho yake, dunia inayoonekana kwenye picha inakuwa dunia yake, yenye miguu mirefu ya watu wazima na maua yaliyo karibu na pua.

Mambo ya kawaida ndiyo yanayosaidia zaidi. Awe amekula na amelala. Tusipange jioni kama jioni ndiyo saa yake ya kulia, hata mwanga uwe mzuri vipi. Asubuhi nayo ina mwanga. Msimwahidi zawadi akikaa vizuri, kwa sababu ahadi hiyo tayari imemwambia kwamba kinachokuja ni adhabu. Mwambieni tunakwenda bustanini kutembea na kuna rafiki atakuja na kamera. Ni kweli tupu.

Akilia? Namwacha alie, nanyi mbembelezeni kama mnavyombembeleza siku zote. Mara nyingi naendelea kupiga, kwa mbali na kwa utulivu, mpaka mzazi aniashirie niache. Picha ya mtoto aliyechoka, shavu begani kwa baba, machozi hayajakauka, nimeiona ikipewa nafasi ya juu ukutani kuliko zote zilizo na vicheko.

Binti yetu wa miaka 13 amesema haji.

Mwacheni achague kitu kimoja: nguo yake, au kona ya bustani, au nani asimame naye. Kijana wa umri huo anajiona kwa macho ya wenzake kila saa, na kamera humkumbusha hilo. Simkaribii kwa lenzi fupi. Nakaa mbali nikiwa na lenzi ndefu, ya milimita 85 au zaidi, nampiga akiongea na mdogo wake, na kabla ya kumaliza namwonyesha chache kwenye skrini. Picha yoyote anayoikataa naifuta mbele ya macho yake. Baada ya hapo kwa kawaida hulegea, kwa sababu ameona kwamba neno lake lina uzito.

Tutakuja na bibi na babu. Kuna la kuzingatia?

Lipo, tena kubwa. Wao ndio tunaoanza nao, kabla hawajachoka. Nahitaji kujua mapema kama kuna anayetumia mkongojo au kiti cha magurudumu, ili nichague njia isiyo na ngazi na benchi lenye kivuli. Mzee akikaa, nawaomba wengine wamzunguke kwa kuketi au kuchuchumaa, asije akaonekana amezama katikati ya miguu ya watu.

Simwambii mzee afanye michezo. Nawaomba wajukuu wamuulize jambo: alikuwa anacheza nini utotoni, alikutana wapi na mwenzake. Kisha nanyamaza. Mikono ya wazee inaposimulia, natamani kila familia iwe na picha yake, na hupigwa mara chache kwa sababu kila mtu yuko mbioni kutafuta nyuso.

Kama mzee anaumwa, niambieni faraghani. Tutafupisha, tutakaa mahali pamoja, na hatutangoja "akipata nafuu kabisa". Nimewahi kukubali kuahirisha kwa sababu hiyo, na siku ya pili haikufika.

Tutakuwa tunafanya nini muda wote huo?

Mnayofanya mkiwa peke yenu. Kuna familia zinazoimba, zinazotaniana, zinazokaa kimya. Familia yenye kimya nisiigeuze kuwa ya makelele. Nikifanya hivyo, nitawapa picha za watu ambao wao wenyewe hawawatambui. Nikiona mmepoa sana, ninayo machache ya kuwaamsha: mdogo aongoze njia na wakubwa wamfuate kokote aendako, kila mmoja amnong'oneze jirani yake jambo analompenda kwalo, baba ambebe mtoto mgongoni mpaka kwenye lile bwawa. Hilo la kunong'onezana halijawahi kuniangusha. Watu wazima huanza kwa aibu, halafu mmoja anasema neno la kweli, na uso wa anayelisikia hubadilika kabla hajajua kwamba umebadilika.

Nasi tunataka picha moja ya wote tukitazama kamera.

Mtaipata, na tutaipiga mapema, dakika kumi za kwanza hivi, wakati nguo bado safi. Kwa kundi nafunga tundu la lenzi hadi f/5.6, yaani upana wa wastani, au karibu na hapo, ili mstari wa mbele na wa nyuma wote wawe wazi, na napiga mfululizo, kwa kuwa katika watu wanane daima kuna anayepepesa macho. Msikimbie mara nikisema "tayari". Sekunde tano zinazofuata, mnapopumua na kuachiana mabega, ndizo nilizokuwa nazisubiri.

Kikao huchukua muda gani?

Dakika 60 hadi 90. Watoto wachanga wanaweza kuhitaji zaidi, kwa ajili ya kunyonya na kubadilishwa nepi. Watoto wa miaka miwili hadi minne huchoka baada ya dakika 40, na hapo ni heri kumaliza kuliko kulazimisha.

Je, tunahitaji kibali cha kupiga picha bustanini?

Inategemea bustani, na ni swali la kuulizwa kwa uongozi wake kabla ya siku yenyewe. Sehemu nyingi humruhusu mgeni apige picha zake binafsi bure, lakini mpiga picha anayelipwa hutakiwa kuwa na kibali. Vifaa vinavyozuia njia, kama stendi za taa, viakisi vikubwa na stendi za miguu mitatu, mara nyingi vina masharti yake. Droni nazo zina sheria zake za anga, mbali na za bustani. Mimi hufuatilia kibali mwenyewe na huja nacho mkononi. Kama mpiga picha wenu anawaambia "tukiulizwa tuseme sisi ni ndugu", tafuteni mwingine. Msiwafundishe watoto wenu uongo kwa ajili ya picha.

Kuna jambo watu hawalifahamu kuhusu bustani za mimea. Nyingi ni makusanyo ya kisayansi. Ile ya Padova, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 na bado iko palepale, na lengo lake la mwanzo lilikuwa mimea ya dawa kwa ajili ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mmea wenye kibao cha jina unaweza kuwa na kumbukumbu za miaka mingi nyuma yake. Kwa hiyo hatukanyagi matuta, hatuchumi maua, hatupandi kwenye matawi, hata kama picha ingekuwa nzuri kiasi gani. Majani yaliyokwisha kuanguka kwenye njia ni mchezo tosha.

Na watu wengine watakaokuwa wanapita?

Bustani ni yao kama ilivyo yenu. Sifungi njia na simwombi mtu ahame kwenye benchi lake. Nikitumia lenzi ndefu na tundu lililofunguliwa sana, wapitaji wa mbali hugeuka ukungu wa rangi. Nikisogea hatua mbili, mti unawaficha. Watoto wa watu wengine wakiingia kwenye fremu na wakatambulika, picha hiyo siitoi.

Ngozi zetu ni nyeusi, na tumewahi kupewa picha tulizofifishwa. Utafanyaje?

Namshukuru kila anayeuliza swali hili waziwazi, kwa maana maumivu yake yana historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipima ulinganifu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizosambazwa na Kodak, na ngozi nyeusi hazikuwa kipimo. Kamera za dijitali zina uwezo mkubwa zaidi, lakini mpiga picha asiyejali bado anaweza kuharibu.

Kamera ikiachiwa ijiamulie, hutaka kila picha iwe na mwanga wa wastani. Mkiwa mbele ya anga jeupe, hupunguza mwanga na nyuso zenu huwa giza. Mkiwa mbele ya vichaka vyeusi, huongeza na ngozi hupauka. Kwa hiyo napima mwanga usoni, si kwenye mandhari. Natafuta mwanga mpana wa ubavuni, kwa sababu ngozi nyeusi hupendeza mno inapopata mng'ao kwenye mfupa wa shavu na paji la uso. Napiga faili ghafi, yaani zisizobanwa na kurekebishwa na kamera, ambazo hubeba taarifa nyingi za vivuli kuliko JPEG, zile faili za kawaida zilizobanwa. Na katika uhariri siing'arishi ngozi ya mtu. Bibi mwenye weusi wa kupendeza atabaki nao. Kama katika familia moja kuna aliyekoza na aliye maji ya kunde, nampanga aliyekoza upande ulio karibu na mwanga.

Unahariri kiasi gani?

Nasawazisha rangi, mwanga na ukataji wa fremu. Chunusi ya wiki hii naiondoa mkiniomba. Kovu, alama ya kuzaliwa, mvi na mikunjo siviondoi bila mwenyewe kusema, wala sipunguzi mwili wa mtu. Pengo la mtoto aliyeng'oka meno ya mbele nalilinda kama mali.

Tutapata picha ngapi, na kwa nini si zote?

Kwa kikao cha saa moja napiga mamia, na ninayokabidhi huwa 50 hadi 80. Zilizobaki ni macho yaliyofumba, mikono iliyokatwa, na marudio ya tukio lilelile. Kuchagua ni sehemu ya kazi niliyoajiriwa kufanya. Nikiwapa 600 nimewatwisha mzigo wangu, na ile moja ya thamani itazama humo msiione.

Hatuna uwezo wa mpiga picha kwa sasa. Simu inatosha?

Inatosha, na ningependa sana mjaribu badala ya kusubiri.

Futeni lenzi kwa kitambaa laini kwanza. Mafuta ya vidole huzaa ukungu ambao watu huulaumu kwa simu. Nendeni saa ile niliyosema. Gusa uso wa mtu kwenye skrini na ushikilie, simu ifunge fokasi na mwanga hapo, kisha shusha mwanga kidogo. Usimweke mtu ukingoni mwa fremu ukitumia lenzi pana, kwa kuwa huvuta kichwa na mikono. Sogea nyuma utumie lenzi ya kuvuta karibu. Piga mfululizo mtoto anapokimbia. Shika simu chini, usawa wa kifua cha mtoto. Usiseme "niangalie".

Halafu pokezaneni. Nimerithi albamu tatu za utotoni ambazo baba yangu hayumo, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyeshika kamera. Kuna picha moja tu ambamo kivuli chake kimeangukia nyasi, mikono imekunjwa mbele ya uso, nasi tunamcheka. Ndiyo niliyoiweka kwenye fremu.

Tukiziweka kwenye intaneti kuna hatari?

Picha nyingi za simu hubeba ndani yake tarehe na mahali hasa ilipopigwa. Baadhi ya majukwaa huondoa taarifa hizo, mengine huziacha, hivyo zima utambuzi wa mahali kwenye kamera au uzifute kabla ya kutuma. Epuka nembo ya shule kwenye nguo, na usitaje bustani mnayokwenda kila wiki saa ileile. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja faragha kuwa haki ya mtoto katika ibara ya 16, na mtoto anayeweza kujieleza anaweza pia kuulizwa. Nami situmii picha yoyote kujitangaza bila idhini yenu ya maandishi, na mnaweza kuiondoa baadaye.

Tuzihifadhi vipi?

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja kwenye hifadhi ya mtandaoni au nyumbani kwa ndugu. Diski huharibika bila kuaga.

Halafu chapisheni. Kwa ubora mzuri hesabuni pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya inchi 8 kwa 12 inataka pikseli 2400 kwa 3600, na faili ninazowapa zinazidi hapo. Zile zilizopitia programu za kutumiana ujumbe huwa zimebanwa, kwa hiyo tumieni faili asili. Usitundike picha mahali jua linapopiga moja kwa moja. Na nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli laini, bila kukandamiza, majina ya wote waliomo, mahali na mwaka, hata kama leo kila mtu anawajua. Ninayo picha ya bibi yangu akiwa msichana, amekaa kwenye nyasi na mwanamke anayecheka mpaka amefumba macho, wameshikana mikono, na katika ukoo wetu hakuna aliyebaki wa kuniambia yule mwanamke alikuwa nani.